Chungu Kisichojua Samaki

Mke wa Popat, Mhindi mwenye duka, alikataa kula, na Bi Tabu alichukia kama mtu aliyetukanwa mbele ya wajukuu zake.

"Ati hali," alimwambia mkaza mwanawe, Biasha. "Mtu kaja hapa miguu imechanika kwa miiba, midomo imebabuka kwa kiu. Tumempikia wali wa nazi, tumemwekea kambale mzima na kichwa chake. Hali. Anatuona sie najisi."

Biasha alikuwa amechutama kwenye sakafu ya fito, ndani ya dungu lao, akimtazama mgeni aliyejikunja pembeni huku mtandio umemfunika mpaka puani. Dungu lilikuwa kijumba kilichosimama juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba, bondeni Mahege, kama yalivyokuwa madungu yote ya wakulima wa Rufiji. Mafuriko yalipokuja, maji yalipita chini. Yalipoondoka, watu walibaki hukohuko juu kulinda mazao yasiliwe na nguruwe na ndege. Mwaka ule mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, na kwenye tope lililoachwa na mto yalikuwa yakikomaa mahindi, choroko na maboga. Mwaka ule pia vita ilikuwa imevuka mto.

Watu waliiita vita ya maji, kwa sababu waliokwenda kupigana walinywa na kunyunyiziwa maji ya dawa ili risasi za Mdachi ziwe si kitu. Wagawa maji hao, mahongo, walipita kijiji kwa kijiji wakiwaambia watu wang'oe pamba ya serikali na wawafukuze wageni wote. Kila aliyekunywa alipewa miko: asimguse mke, asiibe, asile samaki wala nyama mpaka vita iishe. Mkewe aliyebaki nyumbani alishika miko hiyohiyo kwa upande wake. Alijitenga, akala chungu chake peke yake, asionwe na mwanamume mwingine, kwani akivunja yeye, maji yalimwishia nguvu mumewe huko aliko.

Kondo, mume wa Biasha, aliipokea habari ya pamba kwa furaha isiyofichika. Mgongo wake ulikuwa na alama za viboko alivyokula kwenye shamba la akida, na siku miche ile ilipong'olewa alikwenda na jembe lake bila kuitwa. Maji hakunywa. Alisema anangoja kwanza aone waliokunywa wanarudi vipi, maana Kondo hakuwa mtu wa kutangulia mahali popote isipokuwa kwenye sinia.

Kisha wapiganaji walifika njia ya Kibiti, na duka la Popat likachomwa moto. Popat mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameshuka bandarini Salale kupokea nguo za duka, na vita ikamzibia njia ya kurudi. Mkewe, Jayaben, alitoka kwa mlango wa uani akakimbilia upande pekee alikokuwa na mtu anayemjua. Kila msimu Biasha alimpelekea choroko, na wawili hao walikaa uani wakizichambua pamoja, wakisema habari za miguu inayouma na waume wasiosikia. Urafiki wao ulikuwa huo tu. Biasha hakuwahi kufikiri kwamba siku moja ungemletea mtu ngazini.

"Bi Jaya," alimwambia sasa, "kula japo kidogo. Utakufa."

"Mimi hapana kula kitu kilichokuwa na roho," alijibu Jayaben polepole, kwa Kiswahili chake cha dukani. "Chungu hiki kimepika samaki. Siwezi, dada. Usinikasirikie."

"Hata wali mtupu?"

"Wali umepikwa ndani yake."

Bi Tabu aliguna. "Umesikia? Sasa hata chungu changu. Nimekifinyanga mie mwenyewe kwa mikono hii."

Kutoka chini ya ngazi sauti ya Kondo iliuliza kama huyo kambale hana mwenyewe, apewe yeye.

Siku ya pili na ya tatu Jayaben alikunywa madafu tu, kwa kuwa dafu huja na chombo chake. Macho yalikuwa yamemwingia ndani. Kila alipoinuka kwenda kuoga mtoni kabla jua halijatoka, Biasha alimshika mkono ili asianguke ngazini, na kila mara alishangaa jinsi mkono ule ulivyokuwa mwepesi.

Kondo naye hakuwa na raha. "Wakimkuta hapa wanatuchoma sote," alisema akiwa anasuka mgono wa kuvulia. "Na kwa ajili ya nani? Mke wa Popat. Mizani ya Popat ina kidole, kila mtu anajua. Ukipima kunde pale unatoka na nusu."

"Kweli," alisema Biasha.

"Basi?"

"Basi mizani si ya mkewe."

Biasha alikuwa mtu wa mambo madogo, na kwa mambo hayo madogo aliwachosha watu wa nyumba yake. Hakutia upawa chunguni bila bismillahi. Alikula akaacha njaa kidogo tumboni, akisema tumbo lijazwalo sana halisali. Na hakusema uongo, hata ule uongo mdogo ambao watu wote huuhesabu kuwa adabu. Choroko zake zikiwa na wadudu, alimwambia mnunuzi kabla hajauliza. Kondo alizoea kuwaambia wenzake kwamba kuishi na mwanamke msemakweli ni kazi, kwa sababu ukimwuliza kama umeanza kuota kitambi, anatazama kwanza kisha anakuambia.

Mchana huo, baada ya adhuhuri, aliketi juu ya msala wake akivuta tasbihi, lakini moyo haukutulia. Alimfikiria yule mwanamke. Akajiona yeye ndiye aliyekimbia, yuko ugenini kwa watu wema wasiojua dini yake, wamemwekea nyama ya nguruwe na kumwambia: kula, utakufa. Na chungu ndicho hichohicho, na wali ndio huohuo. Alijua angefanya nini. Angefumba mdomo, na wale watu wema wangechukia kama Bi Tabu alivyochukia.

Alimaliza nyiradi zake kwanza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha jambo katikati, kisha akamfuata mkwewe aliyekuwa kivulini chini ya dungu.

"Mama, naomba kile chungu kipya."

"Kipi?"

"Ulichokichoma juzi. Hakijapikiwa kitu."

"Ili akidharau na hicho?"

"Mama, wewe ukikimbilia kwa watu, wakakuwekea nguruwe, na wali ukachotwa chungu hichohicho, utakula?"

"Astaghafirullahi! Unanifananishia kambale na nguruwe?"

"Mie sifananishi. Kwake yeye ndivyo ilivyo."

Bi Tabu alitafuna tambuu yake kwa muda mrefu, akitazama mahindi. Alikuwa na hasira, lakini hakuwa mtu mbaya, na neno la nguruwe lilikuwa limempata mahali pake.

"Kichukue," alisema hatimaye. "Na umwambie kimetoka motoni moja kwa moja, hakijaona hata dagaa. Nisisikie tena habari ya najisi."

Biasha aliweka mafiga mapya upande wa pili wa dungu, mbali na jiko la samaki. Alioga, akasugua mikono kwa ndimu mpaka vidole vikawasha, akachota maji kwa kata mpya. Alipika choroko kwa tui, chumvi, manjano kidogo na majani ya maboga aliyoyachuma muda huohuo. Kondo alisogea kunusa, akafukuzwa.

Alipopandisha chakula, Jayaben hakukigusa mara moja. Aliuliza mambo yake moja moja, chungu, maji, mikono, upawa, na Biasha akamjibu moja moja bila kuchoka, kwa sababu hata yeye angeuliza. Kisha mgeni alichota tonge, akafumba macho, akasema neno la kwao, akala. Machozi yalimtoka huku akitafuna. Biasha aliona furaha ikimpanda kifuani kama mama ambaye mtoto wake mgonjwa ameanza tena kunyonya, akashuka upesi kwa aibu ya kumtazama mtu akila.

Baada ya hapo nyumba iliendelea kwa majiko mawili, na, kusema kweli, iliendelea vizuri. Jayaben alishinda juu, nyuma ya jamvi lililoning'inizwa, akichambua choroko na kushona viraka vya nguo za nyumba nzima. Alfajiri, kabla ya watu kupita, wanawake wawili walikwenda mtoni pamoja. Mmoja akatawadha, mwingine akaoga, kisha kila mmoja akaketi na shanga zake, huyu akielekea kibla na yule akielekea jua linapotoka. Hawakuulizana maana. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote za siku, na Biasha alianza kuingoja.

Bi Tabu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akilalamikia tumbo lake kila baada ya chakula, alionja choroko zile siku moja "ili nijue tu zina nini." Kesho yake alionja tena. Siku chache baadaye alitangaza kwamba tumbo limetulia na kwamba siku zote alijua samaki wa mwanawe ndio waliokuwa wakimwua. Kondo akabaki peke yake kwenye jiko lake, mwanamume mmoja na perege zake, akilalamika kwamba anakula kama msafiri. Alipozidiwa na upweke alikuja na bakuli upande wa pili. Biasha alimchotea, lakini kwa upawa. Mkono wake Kondo haukuruhusiwa kukikaribia chungu.

Jambo moja tu liliwatia wasiwasi. Jayaben alivaa bangili mikono yote miwili, na kila alipogeuka zililia.

"Zivue, Bi Jaya," alimwomba Biasha. "Mtu akipita njiani atazisikia."

"Kwetu mke anavua siku mume anapokufa. Nikivua, ndiyo nimesema amekufa."

Biasha alichana kipande cha kaniki, akazifunga bangili zile mkono kwa mkono mpaka zikanyamaza.

Siku mpiganaji mmoja, Sadala, alipokuja, jua lilikuwa limepanda na choroko zilikuwa zimeiva. Biasha alikuwa amekwisha kumpandishia mgeni zote, kwa kuwa siku hiyo zilikuwa chache. Bi Tabu alikuwa akikanda udongo, na Kondo alikuwa akipara perege kwenye jiko lake, magamba yamemjaa mpaka kwenye ndevu.

Wanaume watatu walitokea kwenye mahindi. Wawili walibaki ukingoni wakivunja miwa isiyo yao. Mmoja alikuja moja kwa moja. Alikuwa mwembamba, mabua ya mtama, alama ya waliokunywa maji, yamemzunguka kichwani, kikopo cha mwanzi cha dawa kinaning'inia shingoni, mkuki mkononi. Lafudhi yake ilikuwa ya milima ya Umatumbi.

"Hodi wenyewe. Mie Sadala."

"Karibu," alisema Biasha.

"Kwenye duka la njia ya Kibiti palikuwa na mwanamke. Tumeambiwa alishukia bondeni huku. Tunatazama kila dungu." Alisema bila ukali, kama mtu aliyepewa kazi. Akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza cha ngazi.

Hapo ndipo alipoliona jiko la pili. Aliyatazama mafiga mapya. Akakitazama chungu, safi, hakina hata tone la mafuta ya samaki, kimefunikwa kwa jani bichi la mgomba, na kata yake peke yake pembeni. Akageuka kumtazama Kondo na perege zake huko mbali, kisha akarudisha macho kwenye chungu.

"Hiki cha nani?"

Changu. Neno hilo lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Biasha, na lilikuwa jepesi, na watu wanne wangepona kwalo au wasipone. Aliogopa. Lakini hakuwa amelizoea neno la namna hiyo, na mtu huliogopa zaidi lile asilolizoea.

"Cha mtu aliyejitenga," alisema. "Hali samaki, hali nyama, hali chungu kilichopikiwa samaki."

Sadala aliondoa mguu kwenye ngazi.

"Yuko juu?"

"Yuko juu."

Kondo alifumba macho.

"Mwanamke?"

"Mwanamke."

"Na mumewe?"

"Aliondoka. Hatujui yu hai au kafa. Yeye anamngoja."

Uso wa yule mtu ulibadilika. Alirudi nyuma hatua mbili, akaulaza mkuki chini, ncha yake ikielekea mbali na dungu. Akawageukia wenzake ukingoni. "Hapa pana mwenye miko," aliwapazia sauti. "Mume yuko vitani. Kaeni hukohuko msisogee."

Biasha alielewa sasa alichokielewa yule mtu, na damu ilimpanda usoni. Hakuwa amesema neno moja lisilo kweli.

"Anashika sawasawa?" Sadala aliuliza kwa sauti ya chini.

Kabla Biasha hajajibu, Bi Tabu alinyanyua kichwa kutoka kwenye udongo wake. "Anashika?" alisema. "Baba, siku za mwanzo alikuwa anakufa njaa hapa. Tulimpa kambale mzima, na kichwa chake. Akamkataa. Mie huyu nilimtukana, naye akabaki na dafu lake. Sijaona mtu anayeshika kama yule." Alisema kwa fahari, kana kwamba jambo lile alimfundisha yeye.

Sadala alichutama. Mtu akichutama hivyo, uchovu wake wote huonekana, na Biasha aliona kwamba mbavu zake zinahesabika.

"Wale wenzangu," alisema, "wanakula kuku wa watu. Hongo alitukataza kuiba, wanaiba. Alitukataza nyama, wanakula. Nikisema, wananicheka. Kila nyumba tunayopita chungu kimepikiwa samaki. Mie nashinda na muhogo mbichi." Hakuomba. Alikitazama tu chungu, kisha akatazama pembeni, na aibu yake ilimwumiza Biasha kuliko mkuki wake ulivyomtisha.

Chungu hakikuwa chake kukigawa, na ndani kilikuwa kitupu. Biasha aliinua uso.

"Mwenye chungu," aliita, "kuna mgeni hapa mwenye njaa. Naye hali samaki wala nyama. Chakula kilichobaki ni hicho chako. Nimwambieje?"

Jayaben angeweza kukaa kimya mpaka yule mtu aondoke, na hakuna ambaye angemlaumu. Fito za sakafu zililia. Kisha jamvi la mlangoni lilisogea, na mkono ukatokea, mweupe kuliko mikono ya bondeni, umefungwa kaniki mpaka karibu na kiwiko, umeshika bakuli lililojaa.

Bakuli lilikuwa zito, na mkono uliinama. Kaniki ikalegea, bangili moja ikagonga nyenzake.

Kondo alikishika kisu chake cha kuparia samaki kwa mikono miwili. Lakini Sadala alikuwa amekwisha kugeuka. Tangu jamvi liliposogea alikuwa amewapa mgongo, kiganja kimeziba macho yake, kama mwanamume yeyote mwenye heshima angefanya mbele ya mke wa mpiganaji mwenzake.

"Mwambie asisogee karibu hivyo," alisema kwa wasiwasi. "Nisije nikamwona, nikamharibia mumewe."

Biasha alilipokea bakuli, na jamvi likarudi mahali pake. Sadala alinawa, akala. Alikula polepole, tonge kwa tonge, na alipomaliza alilifuta bakuli kwa kidole kama watoto wafanyavyo.

"Na mie nina mke nyumbani," alimwambia Biasha. "Ni mtoto bado. Anapenda samaki. Sijui kama anaweza kushika kama huyu." Alitabasamu, lakini midomo yake haikutulia. "Mama, huyo aliyeko juu ana moyo. Mwambie anikumbuke anapomwombea mumewe. Sadala, basi. Hilo tu."

Alivua bua moja kichwani, akalifunga kwenye ngazi, ili wenzake wengine watakaopita wajue kuwa haipandwi. Aliokota mkuki wake, akaaga vizuri, akawaondoa wale wawili kwenye miwa ya watu kwa maneno makali, na mahindi yakawafunika.

Kondo aliketi chini palepale kwenye magamba. "Mke wangu," alisema baada ya kupata pumzi, "tangu leo sema kweli kadiri utakavyo. Hata habari ya kitambi."

Bi Tabu alicheka mpaka tambuu ikamtoka. Biasha hakucheka. Chini ya shukrani yake palikuwa na kitu kingine kilichomkera kama kijiwe ndani ya wali. Hakumdanganya yule mtu. Lakini yule mtu ameondoka na jambo lisilokuwako, na amemwomba dua mtu ambaye yeye mwenyewe alikuja kumwinda.

"Kaacha neno," alisema.

"Acha," alisema Kondo. "Ameshakwenda. Ameshiba. Bua lake liko pale linatulinda. Unataka nini tena?"

"Kanituma kwa mtu. Ni amana."

"Biasha, hao ndio waliomchomea nyumba. Sasa upande ukamwambie amwombee dua?"

"Sipandi kumwambia afanye. Napanda kumwambia alichoombwa."

Alipanda. Jayaben alikuwa ameketi nyuma ya jamvi akifunga upya kaniki yake, na bila shaka alikuwa amesikia kila neno. Biasha alimweleza hata hivyo, kuanzia mwanzo, kwa sababu ndivyo amana inavyofikishwa.

"Walichoma duka langu," alisema Jayaben.

"Walichoma."

"Picha ya Mungu wangu ilikuwa ndani. Na nguo za mama yangu. Na mume wangu sijui yuko wapi."

"Najua, Bi Jaya."

"Nilimpa chakula kwa sababu ana njaa. Zaidi ya hapo usiniombe."

"Mie siombi. Nimefikisha tu."

Alishuka. Mchana kutwa hawakusema tena habari hiyo. Jayaben alishinda na njaa siku hiyo mpaka chakula kingine kilipoiva jioni, na alipokipata alikula kama kawaida yake, polepole, macho ameyafumba.

Alfajiri ilipofika walikwenda mtoni kama kawaida. Ukungu ulikuwa chini juu ya maji na ndege walikuwa wameanza. Biasha alisali, akabaki msalani akiomba msamaha kwa lile ambalo hakulisema. Kando kidogo Jayaben aliketi na shanga zake, nywele zinamdondoka maji, midomo inakwenda haraka kwa maneno ya kwao ambayo Biasha alikuwa ameyazoea mlio wake, ingawa hakujua maana ya hata moja.

Kisha akasikia moja alilolijua. Jina la Popat lilipita kwanza, kama kila siku. Baada yake shanga zilisimama. Zilisimama muda mrefu, mpaka Biasha akadhani mwenzake amemaliza. Ndipo Jayaben, kwa sauti ileile, akasema, "Sadala," akavuta ushanga mmoja.

Biasha hakugeuka. Hakutaka uso wake uonekane.

"Dada," aliita Jayaben. "Yule mke wake anayependa samaki. Anaitwa nani?"

"Hakusema."

Jayaben alifikiri kidogo. "Basi nitamwita mke wa Sadala," alisema, akageukia tena jua na kuanza shanga zake upya, kutoka ushanga wa kwanza.